Kivuli cha Ng'ombe ni Wajibu wa Nani?



Najua katika kurasa hizi tumezoea kusoma kuhusu sala za jamaa, ndoa na riba, na huenda baadhi yenu mkishaona neno ng'ombe mtafunua ukurasa wa mbele. Subirini kidogo. Swali lenyewe ni hili: ng'ombe aliyefungiwa zizini huku bondeni akihema kwa joto la saa nane mchana, je, mwenye zizi ana jukumu mbele ya Allah? Jua si lake. Joto hakulileta yeye. Chakula anampa na maji anampa. Ukimuuliza atakuambia, "Joto ni la Mungu, hata mimi linanichoma." Jibu hilo lina nguvu kuliko linavyoonekana, na kwa muda mrefu sikujua lijibiwe vipi kwa hoja.

Kwa nini tulizungumze sasa? Kwa sababu nchi yetu imebadilisha namna ya kufuga. Sheria Na. 1/21 ya tarehe 4 Oktoba 2018 ilipiga marufuku mifugo kuzurura ovyo na kuamuru ifugwe ndani, na baada ya miaka mitatu ya kujiandaa, Oktoba 2021, ikaanza kutumika. Sababu zake zinaeleweka. Ardhi yetu ni ndogo na watu ni wengi, ng'ombe walikuwa wanaingia katika mashamba ya maharage ya watu, na samadi ilikuwa inapotea milimani. Sina ugomvi na sheria hiyo. Lakini fikirini ilichokibadilisha kwa upande wa mnyama. Ng'ombe wa zamani alipoona jua limekuwa kali, alikwenda chini ya mti. Akiwa na kiu alishuka mtoni. Mchungaji alikuwa nyuma yake na fimbo, sawa, lakini mnyama alikuwa na miguu yake na akili aliyopewa na Muumba wake. Leo amesimama kati ya nguzo nne. Akitaka mti, hauwezi. Akitaka upepo, ukuta umeuzuia.

Huko milimani, Mugamba na Bututsi, jambo hili halina uzito mkubwa. Kuna baridi, na hata wanadamu wanalala na mablanketi mawili. Wachaga wa Kilimanjaro wamefuga ng'ombe ndani ya boma kwa vizazi, nao pia wako kwenye baridi ya mlima. Tatizo liko kwetu sisi tulio chini, kuanzia Rusizi hadi pembeni mwa ziwa, kwenye uwanda wa Imbo, ambako mita ni mia nane hivi tu juu ya bahari na kipimajoto mchana kinafika nyuzi 30, pamoja na unyevu wa ziwa. Kiangazi kikielekea mwisho, Septemba, hata hapa Kinanira mnajua wenyewe chumba cha kupanga chenye bati kinavyokuwa saa za mchana. Sasa mweke humo ng'ombe wa kilo mia nne.

Na si ng'ombe yeyote. Baada ya vita, mifugo ilipokuwa imeisha, familia nyingi zilipata ng'ombe kwa njia ya mnyororo wa mshikamano: unapewa mtamba, akizaa unampa jirani ndama wa kwanza. Kazi nzuri, inafanana na ile desturi yetu ya zamani ya kugabiana ng'ombe. Ila wengi wa wanyama hao ni chotara wenye damu ya Ulaya, Frisia na ndugu zake, kwa sababu wanatoa maziwa mengi. Ng'ombe wa Kifrisia huanza kupata taabu joto likizidi nyuzi 25 hivi. Ng'ombe wetu wa asili mwenye pembe ndefu, yule wa ukoo mmoja na wa Ankole, amejaliwa: ndani ya zile pembe damu inapita na kupoza mwili. Tulizoea kuzisifia kwa uzuri tu, kumbe zina kazi.

Turudi kwenye jibu la yule mwenye zizi. Nadhani ufunguo uko katika hadithi ambayo sote tuliisoma madrasa tukiwa wadogo, ya mwanamke aliyeadhibiwa kwa sababu ya paka. Imo kwa Bukhari na Muslim. Mara nyingi walimu wetu huishia kwenye maneno kwamba alimnyima chakula. Isomeni tena kwa makini. Kosa lake limetajwa kwa sura mbili zinazokwenda pamoja: alimfungia, kisha hakumlisha wala hakumwachia ajitafutie wadudu wa ardhini. Kama paka angekuwa huru na akafa kwa njaa kichakani, mwanamke yule asingeulizwa. Njaa hakuiumba yeye. Alichofanya ni kuziba njia ambayo Allah alimwekea mnyama ya kujiokoa, halafu asiweke nyingine badala yake.

Hapo ndipo hoja ya "joto ni la Mungu" inapoanguka. Njaa nayo ni ya Mungu, na kiu pia. Kufungia ndiko kunakogeuza mambo ya maumbile yakawa dhima ya mtu. Ukichukua miguu ya mnyama, umechukua pamoja nayo mti aliokuwa aende kuukalia. Kwa hiyo kivuli kinahesabika pamoja na majani na maji, vyote vitatu vikiwa malipo ya uhuru uliouchukua.

Mtu wa fikihi ataniambia: hiyo ni kiyasi chako wewe, mwanafunzi wa shahada ya kwanza. Wanazuoni wamesema nini? Katika Minhaj ya Imam Nawawi, aliyefariki mwaka 676 Hijria, matini inataja chakula na maji: mwenye mnyama anawajibika kumlisha na kumnywesha, akikataa, kadhi anamlazimisha. Kama mnyama analiwa, ataamriwa amuuze, amlishe au amchinje. Kama haliwi, amuuze au amlishe. Hakuna njia ya nne ya kumwacha ateseke. Izz bin Abdissalam, aliyemtangulia kufariki kwa miaka 16 tu, alikwenda mbali zaidi katika Qawa'id al-Ahkam. Ameorodhesha haki za wanyama juu ya mwanadamu, na ndani yake mna kumgharamia mnyama hata akizeeka au akiugua ugonjwa usiotarajiwa faida tena, na mna pia kumtengenezea vizuri mahali pake pa kulala na pa kunywea. Nilipofika hapo nilisimama. Mahali pa kulala pazuri kwa ng'ombe wa Imbo ni pahali gani kama si penye kivuli na upepo?

Kuna khitilafu moja ya kupendeza hapa. Imam Abu Hanifa aliona kwamba mwenye mnyama anaamriwa kidini, yaani kati yake na Mola wake, lakini kadhi hamlazimishi. Imepokewa kutoka kwa mwanafunzi wake Abu Yusuf kwamba analazimishwa. Sisi Mashafi wa Afrika Mashariki tuko na kundi la kulazimisha. Lakini angalieni: hata yule aliyemwondolea kadhi mamlaka hakumwondolea mtu dhambi. Khitilafu yao ni juu ya nani atakayemuuliza leo. Kwamba ataulizwa Akhera, wote wamekubaliana.

Kisha sharia yenyewe inalijua joto. Mtume (s.a.w.) aliagiza joto likiwa kali sala ya adhuhuri icheleweshwe mpaka kupoe. Fikirini uzito wake: nguzo ya dini inasogezwa kwa sababu ya joto. Na Anas (r.a.) amesimulia kwamba walipokuwa wakitua safarini hawakuwa wakianza kuswali sunna mpaka wawafungue ngamia mizigo. Kubwa kuliko yote kwangu ni mlango wa tayammum, ambao wengi tunaupita haraka tukikimbilia namna ya kupaka vumbi. Katika madhhab yetu, mwenye maji kidogo ambayo anayahitaji kwa kiu ya mnyama anayeheshimika kisharia, hatawadhi nayo. Atatayammamu, na maji atampa mnyama. Udhu wa mja unampisha ng'ombe mwenye kiu! Anayejua hukumu hii hawezi kusema tena kwamba habari za ng'ombe kuhema ni za wazungu wanaopenda wanyama kuliko watu.

Sasa tuingie zizini, maana bila kujua joto linafanyaje kazi, mtu anaweza kuwa na nia njema na bado amuumize mnyama wake.

Ng'ombe ana tanuri tumboni. Chakula kinachachuka katika tumbo lake kubwa, na uchachukaji huo unatoa joto. Kadiri chakula kinavyokuwa na nguvu, pumba za mpunga, mashudu ya mawese, machicha ya kiwanda cha bia (na hayo machicha ni mjadala wa fikihi wa siku nyingine), ndivyo anavyowaka ndani. Joto hilo hufika kileleni saa kadhaa baada ya kula. Mfugaji anayemwaga pumba saa mbili asubuhi, kama wafanyavyo wengi kabla ya kwenda kazini, anafanya tanuri la tumboni likutane na jua la mchana. Akiisogeza sehemu kubwa ya chakula hadi jioni, saa kumi na moja na kuendelea, joto la tumboni litatoka usiku wakati kuna ubaridi. Hilo halihitaji faranga hata moja.

Jasho la ng'ombe ni dogo, kwa hiyo hujipoza kwa kuhema. Kwanza anaacha kulala, anasimama ili upepo umpite chini. Anaacha kula. Anasongamana na wenzake penye maji. Kisha udenda unaanza kuning'inia, kinywa kinafunguka, mwishowe ulimi unatoka nje. Mzee mmoja anayenenepesha ng'ombe upande wa Rusizi, niliyemuuliza mambo haya, aliniambia, "Mwanangu, nikiona ulimi nje najua nimechelewa tangu asubuhi." Ana haki, kwa sababu mwili wa ng'ombe unakusanya joto mchana kutwa na kulitoa usiku. Usiku usipopoa, kesho anaanza na deni la jana. Ndivyo ilivyotokea Kansas, Marekani, Juni 2022: siku chache za joto la karibu nyuzi 40 na unyevu, upepo ukakatika, usiku haukupoa, na ng'ombe wa kunenepesha wasiopungua 2,000 wakafa. Wataalamu walikuwepo, na pesa pia.

Bati ni kivuli, ila bati la chini, linalokaribia mgongo wa mnyama, ni jiko la pili. Linyanyuliwe mita tatu au zaidi, na juu yake yawekwe majani makavu au makuti ya michikichi. Paa likielekezwa mashariki-magharibi, kivuli hubaki chini yake karibu siku nzima. Kuta ziachwe wazi. Ile shitingi tunayozungushia kuzuia mvua inazuia na upepo, na kwetu penye unyevu wa ziwa upepo ni nusu ya dawa. Maji yakaye kivulini, kwa wingi. Ng'ombe mkubwa siku ya joto huweza kunywa lita 60 na kupita, yaani bidoni tatu. Ukitaka kumwagia maji, mwagia yalowanishe mpaka kwenye ngozi na upepo uwe unapita. Mvuke mwepesi unaoishia kwenye manyoya unaongeza unyevu bila kumpoza. Na kumkimbiza, kumchoma sindano au kumpandisha gari kufanyike alfajiri.

Bidoni tatu. Hapa ndipo ninapoona ugumu wa kweli, na sitaki kuupita kwa haraka kana kwamba aya na hadithi zimeshaumaliza. Kuna mama mjane wa pembezoni mwa mji, ana ng'ombe mmoja wa mnyororo wa mshikamano, na bidoni ya maji anainunua. Ana watoto wanne. Sheria ya nchi imemwambia fungia. Fikihi inamwambia umefungia, basi mpe kivuli na maji. Nani atamlipia? Baadhi ya wenzangu darasani walisema: basi amuuze, si ndiyo moja ya njia tatu za Nawawi? Kwenye karatasi ni sawa. Lakini ng'ombe huyo ndiye ada ya shule ya watoto na ndiye maziwa yao.

Mimi naona hivi. Wajibu unabaki kwake kwa kadiri ya uwezo wake, na mengi niliyoyataja yako ndani ya uwezo wake: kulisha jioni, kung'oa shitingi upande mmoja, makuti juu ya bati, kupanda mti ambao baada ya miaka mitatu utakuwa na kivuli. Kinachobaki nje ya uwezo wake, yaani maji, hakiyeyuki. Kinahamia kwa jamii inayomzunguka na kwa waliofaidika na kufungiwa kwa ng'ombe wake. Wenye mashamba ambayo hayaliwi tena na mifugo wamefaidika. Kuna kanuni tunayoihifadhi mwaka wa pili, al-kharaj bi-dhaman, kwamba faida inafuatana na dhamana. Asili yake iko kwenye biashara, na sidai kwamba mafakihi waliitumia hapa. Lakini kama jamii nzima inafaidika na zizi, kisha mzigo wa zizi unabebwa na mjane peke yake, kuna kitu hakijakaa sawa, na kisima au bomba la maji la mtaa linaloruhusu na mifugo kunywa linaingia vizuri sana katika wakfu.

Mnenepeshaji ni habari nyingine. Yeye amenunua ng'ombe kumi ili awauze wakiwa wazito. Ukimwendea kwa hoja ya faida atakusikia upesi: ng'ombe mwenye joto hali, asiyekula hanenepi. Watu wa maendeleo ya mifugo wanahubiri hivyo tu, na inafanya kazi. Je, kivuli kilichojengwa kwa ajili ya kilo kina thawabu? Sioni ubaya wa nia mbili kukaa pamoja. Mtu anakula daku na anapata nguvu ya kufunga. Wasiwasi wangu uko pale hesabu zinapoachana. Akipiga hesabu akaona kwamba kupoteza kilo chache ni rahisi kuliko kununua mbao, faida itamwambia mwache ahemee. Ng'ombe akiwa wa kuchinjwa wiki ijayo, faida haina la kusema kabisa. Hapo ndipo inapojulikana kama kilichojengwa kilikuwa ihsani. Yule ngamia aliyelia mbele ya Mtume (s.a.w.) katika bustani ya kijana wa Kiansari alikuwa bado anafanya kazi, bado ana faida kwa mwenyewe, na bado yule kijana aliambiwa amwogope Allah kwa kumnyima chakula na kumchosha.

Na sisi wanunuzi tusijitoe. Tunapenda ng'ombe mnene, hasa wa udh-hiya, na kupenda huko kuna asili: imepokewa kwamba Waislamu wa Madina walikuwa wakiwanenepesha wanyama wao wa kuchinja. Unene ndio chakula kizito, na chakula kizito ndilo joto la tumboni nililolieleza. Anayetaka mafuta ya mnyama amechangia joto lake.

Agosti 2017 meli ya Awassi Express ilikuwa ikipeleka kondoo kutoka Australia kwenda nchi za Ghuba. Kondoo wapatao 2,400 walikufa kwa joto njiani. Video zilipotoka mwaka 2018, dunia ilishtuka, na mwaka 2024 Australia ikapitisha sheria ya kusimamisha kusafirisha kondoo hai kwa bahari kuanzia tarehe 1 Mei 2028. Mzigo ule ulikuwa unakwenda kwa Waislamu. Waliofika wakiwa hai walichinjwa, naamini, kwa bismillah na kisu kikali, kama hadithi ya Shaddad bin Aws inavyotuamuru. Lakini hadithi hiyohiyo inaanza kwa kusema ihsani imefaradhishwa katika kila kitu, ndipo ikaja kwenye kisu. Sisi tumeshika kisu tukaacha kila kitu. Tunauliza ng'ombe alielekezwa kibla? Mchinjaji anaswali? Hatuulizi alisimama wapi siku tatu kabla, na alikunywa saa ngapi.

Kamati ya udh-hiya ya jumuiya yetu hukusanya michango miezi miwili kabla, na wanyama huletwa kutoka milimani siku mbili tatu kabla ya Idi, hufungwa uwanjani mpaka asubuhi ya kuchinja. Hao ni ng'ombe wa baridi walioshushwa kwenye joto kwa mara ya kwanza maishani mwao, tena baada ya kusimama ndani ya lori. Napendekeza fomu ya mchango iongezwe mstari mmoja wa kivuli na maji, washushwe usiku badala ya mchana, na wanafunzi wawili wawili wapangwe zamu ya kujaza ndoo kuanzia saa nne asubuhi hadi magharibi. Zamu ya kwanza niandikeni mimi. Kuhusu makuti, ndugu zetu wenye michikichi upande wa Rumonge wameshasema wataleta, kinachotakiwa ni usafiri.